Kuhama nyumba ya rehani kabla ya kuomba kufilisika: tuanze na lipi?

Mama wa Syokimau
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mume wangu alichukua mkopo wa nyumba, nasi tukaulipa bila kuchelewa hadi kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipopunguza wafanyakazi. Sasa benki inadai shilingi milioni 6.4, ilhali mthamini anasema nyumba haiwezi kupita milioni 5.6. Mume wangu ana pia deni la SACCO na mikopo ya simu, jumla milioni 1.2. Malipo ya kila mwezi ni 82,000, na karibu na shule ya watoto tumepata nyumba ya kupanga kwa 28,000. Anataka kwenda Mahakama Kuu kuomba atangazwe kuwa amefilisika. Je, tuhame kwanza, au tukae humu mpaka mahakama iamue? Shemeji yangu anashauri gari la mume wangu liandikishwe kwa jina la huyo shemeji kabla ya ombi kuwasilishwa, nami moyo wangu unakataa.

Wakili wa Machakos
Pole sana, dada. Nianze na gari, kwa sababu ndilo linaloweza kuharibu yote: mali iliyohamishwa kwa jamaa ili wadai wasiifikie huweza kurudishwa kwa amri ya mahakama, na mdaiwa huweza kupoteza nafuu ya kufutiwa madeni ambayo angeipata. Kama ni lazima liuzwe, liuzwe kwa bei halisi ya soko, hati zihifadhiwe, na fedha zisimlipe mdai mmoja mliyemzoea huku wengine wakiachwa.

Kuhusu nyumba, kuhama na kuacha funguo benki hakufuti deni. Riba huendelea, na nyumba tupu huharibiwa upesi. Tena, kufilisika hakumzuii mkopeshaji mwenye rehani kuiuza nyumba. Kiasi kinachopungua baada ya mauzo ndicho kinachoungana na madeni mengine yasiyo na dhamana. Kwa hiyo ningeiandikia benki barua ya kuomba ridhaa ya kuiuza nyumba kwa makubaliano, mnunuzi akitafutwa na ninyi wenyewe, kwa kuwa mnada mara nyingi huleta bei ya chini. Ikiuzwa kwa milioni 5.6, upungufu ni 800,000, na pamoja na milioni 1.2 jumla inakuwa milioni 2. Hapo Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 inafungua mlango ambao watu wengi hawaujui: mdaiwa asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, anaweza kuomba utaratibu maalumu unaodumu miezi 12, badala ya kufilisiwa kikamilifu kwa takriban miaka mitatu. Akiwa bado na mali inayoweza kuuzwa kwa ajili ya wadai, hawezi kuingia humo.

Jirani wa Athi River
Mama, wakili amesema kweli, lakini msingoje mpaka akiba iishe. Mwenye nyumba atataka amana na kodi ya mwezi wa kwanza kwa pamoja, na fedha hizo ni rahisi kuzipata sasa kuliko baada ya kutangazwa kufilisika, wakati mali yake itakapokuwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Kama una kipato chako, mkataba wa kupanga uwe kwa jina lako. Mkishahama, iarifuni benki anwani mpya kwa maandishi, ili notisi zisipelekwe kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mhasibu wa Mombasa
Mimi ningetulia kidogo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki hutoa kwanza notisi ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, ambayo mke au mume wa mdaiwa naye lazima apewe. Dalali wa mnada naye hutoa notisi ya siku 45. Muda huo unatosha kutafuta mnunuzi kwa utulivu huku watoto wakimaliza muhula. Ombeni pia taarifa kamili ya mkopo, kwa kuwa tangu mkopo uhesabiwe kuwa haulipwi, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha mkopo wa asili, bila riba, kilichokuwa kimebaki siku hiyo.

Mama wa Syokimau
Nawashukuru sana. Wakati wa kuchukua mkopo niliitwa benki nikatia sahihi. Je, watanidai mimi?

Wakili wa Machakos
Inategemea ulitia sahihi nini, dada. Ridhaa ya mke kwa rehani ya nyumba ya ndoa hutakiwa na sheria, na peke yake haikufanyi mdaiwa. Kama ulitia sahihi hati ya udhamini, nafuu atakayopewa mume wako haitakuondolea wewe deni hilo. Omba benki nakala za hati zote ulizotia sahihi, uzisome pamoja na wakili kabla mume wako hajawasilisha chochote mahakamani.