Karani alikuwa mzuri Dar, hapa Mtwara anayumba. Tatizo ni yeye au ni ghala letu?

Msimamizi_Ghala

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi na msimu ndo huu umechanganya.

Nasimamia ghala moja la korosho hapa Mtwara mjini, jina naliacha. Mwaka huu ofisi ikaleta karani kutoka Dar, kijana wa miaka 27, amekaa miaka mitatu kwenye stoo ya bidhaa za madukani, vyeti vyake vizuri na bosi wake wa zamani nilimpigia simu mwenyewe akamsifia sana, anasema kwenye zamu yake haijawahi kupotea hata katoni moja. Nikafurahi. Kafika hapa katikati ya Oktoba, malori ya Tandahimba na Newala yamepanga foleni mpaka barabarani, viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kila mmoja anataka mzigo wake ushuke kwanza uwahi mnada, basi yule kijana akawa kama sio yule niliyesifiwa. Akiambiwa "karani hizi zimekauka, pima tuondoke" anapima gunia moja la juu halafu anaandika lori zima. Mimi nikipita nyuma yake nachoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, magunia ya chini nakuta unyevu umepita asilimia 10, na unajua korosho mbichi ikikaa ghalani inaota ukungu, na ikikauka humo humo ndani uzito unapungua, halafu ugomvi wa unyaufu unakuja kwetu, mkulima anasema kaibiwa, AMCOS inasema ghala limeiba.

Wakati huohuo tuna dada mmoja pale kwenye mizani, kibarua wa msimu, kaishia darasa la saba. Anaingiza mkono kwenye gunia, anazitikisa kiganjani anasikiliza, anabonyeza moja kwa ukucha, anakwambia hii bado siku mbili juani. Ukiweka mashine ya kupimia unyevu inasema vilevile. Hajawahi kukaa semina hata moja.

Ofisi ilimpeleka kijana mafunzo siku tatu hotelini. Karudi na cheti, na makosa yako palepale. Sasa bosi anataka aondolewe na mimi ndo naambiwa niandike ripoti. Roho inasita. Mtu anawezaje kuwa fundi mahali pamoja halafu mahali pengine asijue kitu? Ni mafunzo hayakutosha, ni tabia, au ni nini?

MpwaWaTandahimba

Pole sana kaka. Nimekuwa karani wa AMCOS misimu sita kwahiyo hicho unachoeleza nakijua upande wa pili wa mzani.

Kwanza nikuulize, kule Dar yule kijana alikuwa anapokea mzigo wa nani? Katoni haina mwenyewe amesimama pembeni anakuangalia usoni. Huku gunia lina mwenyewe, na mwenyewe kalala nje na mzigo siku mbili, ana ada ya mtoto, anadaiwa hela ya salfa, dawa ya mikorosho, tangu mwezi wa sita. Mimi nilikuwa nakataa gunia la mjomba wangu wa damu, kaka wa mama yangu, na kwetu mnajua mjomba ni nani, ndiye anayesimama kwenye mambo yako yote. Msimu wa kwanza sikuweza kukataa. Nilikuwa najua kabisa korosho ni mbichi, mkono unajua, lakini mdomo haufunguki. Sio kwamba sikuwa na ujuzi, nilikuwa sina pa kuegemea.

Kilichonibadilisha ni katibu wetu mzee mmoja, siku moja nimekataa gunia watu wakaanza kunipigia kelele, akatoka ofisini akasimama pembeni yangu akasema "alichosema karani ndio nilichosema mimi". Maneno hayo tu. Kuanzia hapo nikawa napima kila gunia na hakuna aliyenitisha. Sasa huyo kijana wako ni mgeni, hana ndugu hapa, Kimakonde hasikii, wakiongea pembeni hajui kama wanamsema yeye au wanaongea mvua. Akikataa lori, nyie ofisini mnatoka kusimama naye?

Na jambo la pili, mnamhesabia nini? Kama jioni bosi anauliza "leo yameshuka malori mangapi" basi mjue mnachomfundisha kila siku ni kushusha malori. Hata umpeleke semina kumi, hilo swali la jioni ndilo litakalomlea.

Mwl_Ufundi

Mchangiaji wa juu kamaliza sehemu kubwa, mi niongeze upande wa mafunzo maana ndio kazi yangu, nafundisha chuo cha ufundi hapa kusini.

Kuna wataalamu wawili wa Marekani, Baldwin na Ford, mwaka 1988 walipitia tafiti nyingi kuhusu kwa nini mtu anafundishwa halafu akirudi kazini hatumii alichofundishwa. Walitazama mambo matatu: mwanafunzi mwenyewe, namna mafunzo yalivyopangwa, na mazingira ya kazini anakorudi, yaani kama msimamizi anamuunga mkono na kama anapata nafasi ya kukitumia kile alichojifunza. Sisi huku tukiona mtu kashindwa tunaangalia la kwanza tu, "huyu mtu mzito". Tukijitahidi sana tunagusa la pili. La tatu hatuligusi kwa sababu likiguswa linatugusa na sisi wakubwa.

Sasa semina ya hotelini. Kaka, kwenye ukumbi kulikuwa na korosho? Kulikuwa na gunia la kilo 80 la kuchoma bambo? Kulikuwa na kiongozi wa AMCOS mwenye hasira? Kama alikaa kwenye kiti anaangalia slaidi, amejifunza kujibu maswali ya slaidi na atayajibu vizuri tu. Mimi naona hili kwa vijana wangu wa umeme, darasani anafunga saketi safi kwenye ubao, ukimpeleka site juu ya dari kuna joto, kuna popo, mwenye nyumba anamharakisha, anasahau hata kuzima swichi kuu. Ndio maana tunapigania uanagenzi, kijana awe siku kadhaa chuoni na siku kadhaa kazini chini ya fundi, aanze kuzoea joto na kelele wakati kosa lake bado kuna mtu wa kulidaka.

Halafu kuna jambo la majira. Huku kusini kazi ya korosho ina miezi yake, Oktoba mpaka Januari hivi. Ofisi nyingi zinafundisha mwezi wa saba wa nane kwa sababu ndio watu wana nafasi, lakini hakuna korosho ya kushika, mpaka msimu unafunguliwa vidole havina kumbukumbu yoyote. Mafunzo ya karani wa ghala ni pale pale kwenye mizani, wiki mbili za kwanza, asubuhi kabla foleni haijawa kubwa, akae na huyo dada. Apime kwa mkono kwanza, aseme jibu lake kwa sauti, ndipo mashine ithibitishe. Gunia mia moja za namna hiyo atakuwa mtu mwingine.

Na huyo dada msimwache hivihivi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, mtu anapimwa anachokijua anapewa cheti. Ulizieni kama fani yake inaingia humo. Inaniuma sana mtu anashikilia ubora wa mzigo wote mkononi mwake halafu kwenye karatasi ameandikwa kibarua.

Binti_Nachingwea

Mimi ni nesi, naomba niseme ya kwangu maana yanafanana.

Nilianzia hospitali kubwa. Wodi ya wazazi tuko manesi wanne zamu moja, kuna daktari, kuna maabara, kuna ultrasaundi. Kazi yangu ilikuwa kipande kidogo, napima presha naandika kwenye faili, nikiona kitu sio sawa naita mtu. Nilikuwa mzuri wa kuita. Nikahamishiwa zahanati ya kijijini huku Lindi, tuko wawili na mwenzangu akaenda likizo. Mama kaja saa nane usiku uchungu umechachamaa, mvua za mwezi wa pili barabara imekatika. Fetoskopu naiweka tumboni nahesabu mapigo ya mtoto dakika nzima, kitabuni najua ni 110 mpaka 160, lakini usiku ule mkono unatetemeka nahesabu napoteza naanza upya. Nilipitia patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, chuoni nikafaulu vizuri sana. Usiku ule nilikuwa naijaza kwa mara ya kwanza nikijua kwamba hakuna mwingine wa kuisoma isipokuwa mimi.

Walitoka salama yeye na mtoto, namshukuru Mungu. Baada ya miaka miwili nikawa nesi mwingine kabisa, naamua haraka, naongea na familia, nampa mama rufaa mapema kabla hali haijaharibika kwa sababu najua gari inachukua muda gani. Hospitalini wangesema huyu nesi ana kiherehere. Kijijini ndio nesi mzuri.

Ila nisiwadanganye, mazingira yanakuongezea huku na yanakupunguzia kule. Nimerudi mjini kwenye mafunzo mwaka jana nikakuta mashine nilizokuwa naziendesha nimezisahau, na nikajikuta nina tabia ambayo sio nzuri, kuandika baadaye badala ya kuandika palepale, kwa sababu kule nilikuwa peke yangu na mikono miwili. Nilipoambiwa nilijisikia vibaya mno. Kwahiyo hata huyo dada wa mizani, anajua sana, lakini muangalieni na yeye mazingira yamemzoesha nini, mfano kama anaandika au anaamini kichwa chake tu.

Kakomba_72

Wote mmesema vizuri lakini na mimi nina langu. Nimesimamia watu miaka ishirini bandarini na kwenye ujenzi. Wapo watu hawataki tu kazi, ukimpa mazingira mazuri anayatumia kulala. Tusimfanye kila mtu kuwa mhanga wa mazingira. Kupima gunia moja na kuandika lori zima huo ni uongo wa maandishi, hata kama unaogopa kelele unaweza kuandika ukweli ukaenda kumwambia msimamizi. Hapo kijana ana kosa lake na lazima aambiwe macho kwa macho.

Mwl_Ufundi

Mzee wangu @Kakomba_72 shikamoo, nakubali kosa ni kosa na aambiwe. Ninachosema ni kwamba ukimfukuza bila kugusa lile swali la jioni, atakayekuja baada yake ataandika vilevile.

Msimamizi_Ghala

Wakuu asanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu baada ya kusoma hapa nilikaa na kijana mwenyewe, tukaenda kula pweza pale feri tukiwa wawili tu, nikamuuliza bila faili wala kalamu.

Nimegundua vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu. Kule Dar mfumo ulikuwa unakataa wenyewe. Namba isipolingana kompyuta inagoma, dereva anagombana na kompyuta, yeye anabaki mtu mwema. Hajawahi maishani mwake kumwambia mtu mzima "mzigo wako nakataa". Na wiki ya kwanza hapa alikataa lori moja, alikataa kwa haki kabisa, kiongozi wa AMCOS akapiga simu juu, bosi akamfokea mbele ya watu kwamba anachelewesha kazi. Mimi siku hiyo nilikuwepo. Nilinyamaza. Nimemwomba radhi.

Mzee @Kakomba_72 na lako nimelifanyia kazi, nimemwambia kuandika kile ambacho hukupima ni kosa na likirudi sitamtetea. Amekubali, hakujitetea.

Ripoti nimeandika lakini sio ya kumwondoa. Nimeomba mwezi mmoja. Kuanzia jumatatu saa moja asubuhi anakaa na dada wa mizani, mkono kwanza mashine baadaye kama mwalimu alivyosema, na yeye kijana anamfundisha dada kujaza fomu. Nimeomba pia karatasi ya jioni iwe na safu mbili, magunia yaliyopokelewa na magunia yaliyorudishwa, ili aliyerudisha asionekane hajafanya kazi. Na lori likikataliwa mimi ndo natoka kuongea na wenye mzigo.

Binti_Nachingwea

Hongera kaka. Huyo dada kwa kufundisha mtu ataongezewa chochote au ni ileile ya kutwa?

Msimamizi_Ghala

Umenishika pazuri dada yangu. Nimemwombea posho ya mkufunzi kwenye hiyo hiyo ripoti, bosi hajajibu. Jumatatu nitamuuliza tena kabla hawajaanza, maana sitaki aanze kufundisha kwa ahadi.