Msaada wakuu: najenga kerneli ya x86, arm64 na riscv, x86 inagoma

Kamba ya Nazi
Wakuu, salaam. Nina ~/linux moja (chanzo cha kerneli, kiini cha mfumo wa Linux), naijengea prosesa za aina tatu: kompyuta ya x86, Raspberry Pi 4 (arm64) na riscv ya kujaribia kwenye QEMU, programu ya kuigiza mashine. Kila moja ina folda yake ya matokeo, naitaja kwa O=. arm64 inajengeka, x86 inagoma. Nawaza ninakili ~/linux mara tatu, yaishe.

Mzee wa Terminali
"Inagoma" siyo ujumbe. Bandika.

Kamba ya Nazi
The source tree is not clean, please run 'make mrproper'
Yaani chanzo si kisafi, niendeshe mrproper, ile amri ya kufuta mabaki ya ujenzi pamoja na mipangilio.

Chumvi2
Nunua mashine tatu, kila moja ijijengee ya kwake 😂

Dada Moduli
Ukinakili, kila kiraka utakibandika mara tatu, na siku moja utasahau mahali pamoja. Halafu hakuna aliyeuliza moduli, vile vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika. Ukizisakinisha za arm64 kwa modules_install bila INSTALL_MOD_PATH ya kuzielekeza kwingine, zinamwagika kwenye /lib/modules ya kompyuta yako.

Kamba ya Nazi
Dada, nakala mbili nimeshazitoa. Diski ninayo.

Shemeji Grub
Hii chai. Chanzo ni kimoja: ama kisafi ama kichafu. Kitaikubalije arm64 halafu kiikatae x86?

Mzee wa Terminali
Inawezekana, shemeji. Makefile (faili linaloongoza ujenzi) inakagua vitatu: .config (mipangilio ya kerneli), include/config na arch/x86/include/generated. Hicho cha mwisho kila usanifu, yaani aina ya prosesa, una chake. Aliyejenga x86 ndani ya chanzo bila O=, kisha akaendesha make ARCH=arm64 mrproper, uchafu wa arch/x86 haukuguswa. Kamba, ndivyo?

Kamba ya Nazi
...Ndivyo mkuu. Juzi arm64 ilikataa, ikaniambia niendeshe hiyo ya ARCH=arm64, nikatii. Ikala .config yangu ya x86, kazi ya wiki mbili. Ndiyo maana mrproper nyingine siitaki hata kuisikia.

Shemeji Grub
Naondoa chai mezani. Ila msiba kama huu unaufichaje tangu juu?

Mzee wa Terminali
Iliyopotea imeshapotea, mrproper haina cha kula tena. Iendeshe ndani ya ~/linux bila ARCH. Kama kompyuta bado inatumia kerneli uliyoijenga kwa .config hiyo, irudishe hivi:

mkdir -p ~/jenga/x86
zcat /proc/config.gz > ~/jenga/x86/.config
make O=$HOME/jenga/x86 olddefconfig

/proc/config.gz isipokuwepo, tazama /boot/config-$(uname -r). Na arm64 iandikie ARCH=arm64 CROSS_COMPILE=aarch64-linux-gnu- kila mara, hata ukiwa ndani ya folda yake. Ukisahau, Kconfig (mfumo wa mipangilio ya kerneli) inaisoma .config ile kama ya x86, inaanza kukuhoji, na kila Enter unayobonyeza inaiharibu zaidi. Amri nzima itie kwenye skripti.

Kamba ya Nazi
/proc/config.gz IPO! x86 inajengeka sasa hivi. Nakala moja nimefuta. Nyingine naiacha kwanza.

Dada Moduli
Ya nini?