Simu imesharudi kwa mwenyewe, sasa tunaua kwa ajili ya nini?

Wiki iliyopita, kwenye kituo cha daladala jirani na genge langu la kuuzia nyanya hapa Tandika, Dar es Salaam, kijana mmoja alichomoa simu kwenye mkoba wa dada aliyekuwa anagombania mlango wa gari. Dada akapiga ukunga, "Mwizi!" Kijana hakufika mbali, bodaboda wawili walimkata mbele wakamwangusha. Simu ikaokotwa, ikapanguswa vumbi, ikarudishwa kwa mwenyewe. Dada akaiwasha, akaona inafanya kazi, akapanda gari lililofuata akaenda zake kazini. Hazikufika dakika tano.

Kipigo kilianza baada ya hapo.

Waliompiga hawakuwa wameibiwa kitu siku hiyo. Mmoja ni jirani yangu kabisa, mtu anayeswali safu ya mbele. Aliacha chai mezani akaja na tofali. Yule kijana alikuwa amebaki na ndala moja, na katikati ya kipigo alikuwa anataja namba ya simu ya mama yake. Anaitaja, anairudia, ili mtu ampigie aje. Tarakimu kumi. Hakuna aliyepiga. Mimi mwenyewe sikupiga, na simu ilikuwa mkononi mwangu. Difenda ya polisi ilipofika walimpandisha nyuma akiwa bado anahema, na asubuhi tukasikia hakufika usiku wa manane.

Kuna ule msemo wetu wa kwenye habari: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali." Tangu siku hiyo najiuliza, hasira ipi? Mwenye simu ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, na alishaondoka.

Ndiyo maana naleta mjadala huu, maana hapa mtaani nimeubishania siku tatu na wengi wananiona nawatetea vibaka.

Hoja ya kwanza ninayoambiwa ni kwamba mtu ana haki ya kulinda mali yake. Ni kweli. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujihami, kumhami mwenzako na kuilinda mali. Lakini sheria hiyohiyo inasema utumie nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo, na ukizidisha unawajibika. Sasa mtu amelala chini, mikono imeshikwa, mali imerudi. Hapo unalinda nini? Panya Road, yale makundi ya vijana wahalifu, wakiingia ndani kwako usiku na mapanga, watoto wamelala, hilo ni jambo jingine kabisa, na sitamlaumu baba atakayeshika chochote kilicho karibu. Tatizo letu tunachukua haki ya usiku ule tunaitumia saa tatu asubuhi kituoni kwa mtu aliyeiba simu.

Mzee mmoja wa kanisani akaniletea Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 22, kwamba mwizi akipigwa akafa anapovunja nyumba, hakuna hatia ya damu. Nikamwomba asome mstari unaofuata. Unasema jua likiwa limeshachomoza, hatia ipo, na kinachotakiwa ni mwizi alipe alichoiba. Na kwa sisi Waislamu, hata adhabu ya kukatwa mkono ambayo watu wanaitaja kwa pupa ina kiwango cha mali iliyoibwa, robo dinari ya dhahabu kwenda juu, ina mashahidi, ina kadhi. Hakuna mahali ambapo waliokuwa wanapita njia wameruhusiwa kuua kwa simu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita juujuu. "Ukimpeleka polisi, kesho yuko mtaani anakucheka." Mwaka juzi nilivunjiwa genge, wakabeba mtungi mdogo wa gesi na mizani. Mmoja akakamatwa, nikaandikisha maelezo, kesi ikaenda. Wizi una dhamana, kwa hiyo alitoka, na kweli alipita mbele ya genge langu ananitazama. Nilichemka. Nikaitwa mahakamani mara ya kwanza, ikaahirishwa. Mara ya pili nimefunga genge, nyanya zinaoza, ikaahirishwa tena. Mara ya tatu sikwenda. Kesi ikafutwa kwa kukosa shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa ni mimi.

Naeleza hivi kwa sababu tunazungumza kana kwamba kila mwizi anaachiwa kwa rushwa. Rushwa ipo, sikatai. Lakini kesi nyingine zinakufa kwa sababu mlalamikaji ni mama ntilie au mimi, mtu asiyeweza kupoteza siku nne za biashara kwa ajili ya mtungi wa gesi. Kuuliza shahidi masikini afidiwe vipi nauli na siku yake, hilo ndilo la kumbana nalo mbunge. Tofali halilijibu.

Wengine wanasema wakichomwa wachache, waliobaki watajifunza. Jamani, nimekulia hapa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kwa miaka kimekuwa kikiandika kwenye ripoti zake mamia ya watu wanaouawa hivi. Tairi zimewaka tangu niko shule ya msingi, na simu bado zinachomolewa. Halafu kuna mtu mmoja ambaye sijawahi kuona akikimbizwa hata hatua tatu, naye ni mnunuzi. Simu ikiibwa leo, jioni kuna mtu anainunua kwa bei ya kutupa, anaifuta, anaiuza. Tunawajua. Tunanunua kwao, tukiulizwa tunasema "nimepata kwa bei poa." Kibaka anakufa na soko lake linabaki palepale, na sisi ndio wateja.

Na lile neno lenyewe, "mwizi!", hakuna anayelikagua. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mtu alipaza sauti kwamba ni wanyonya damu, basi. Leo ukigombana na mtu kuhusu deni sokoni akaamua kukuitia wizi, utajitetea kwa nani? Ibara ya 13 ya Katiba imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ya 14 imempa kila mtu haki ya kuishi. Hata aliyeiba kweli, wizi wa kawaida mahakamani hauzidi kifungo cha miaka saba. Anayeua kwa makusudi ndiye anayekabiliwa na kitanzi, na sheria ya nia ya pamoja haitofautishi sana aliyeleta kiberiti na aliyeshika miguu.

Jirani yangu wa tofali nilimfuata jioni. Hakunijibu kwa ukali. Alisema, "Aliyeniibia pikipiki sikumpata." Nadhani watu wengi pale walikuwa wanampiga mtu mwingine, yule ambaye hawakumpata.

Sasa naomba nisikie kwenu. Mnaounga mkono, nielezeni baada ya simu kurudi, kile kipigo kilikuwa cha nini. Na kama kuna mtu aliwahi kumtoa mtu mikononi mwa kundi akiwa hai, aeleze alifanyaje: alisimama wapi, alianza kusema nini, alimwita mwenyekiti wa mtaa au nani. Mimi siku ile nilisimama na simu mkononi, na tarakimu sita za mwanzo za namba ya yule mama bado nazikumbuka.