Apatimenti Dar yenye maji na umeme ndani ya kodi: ina unafuu kweli?

Mpangaji_Mtarajiwa:
Habari za leo wakuu. Natafuta chumba na sebule, choo na jiko ndani, maeneo ya Sinza, Kijitonyama au Tabata, isizidi laki tatu kwa mwezi, maji na umeme vikiwa humo humo kwenye kodi. Madalali wanasema "kila kitu kimo", ila ukiuliza umeme kiasi gani, hakuna jibu. Vifaa ni friji ndogo, TV, feni na pasi. Kupika ni gesi. Nichukue ya hivyo au nitafute yenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) yake?

Wati_Mia:
Mkuu, piga kwanza hesabu ya umeme wako. Friji ndogo kadiria uniti 1 kwa siku. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 0.6. TV, taa na pasi ya mara chache, weka 0.4. Hiyo ni uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi.

Mita yako ikiwa daraja la D1, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100. Ongeza VAT 18% na tozo za REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%, inafika 122. Mwezi mzima ni kama 7,300. Daraja la T1, la wanaozidi hapo, uniti ni 292, na makato inagonga 356, kwa hiyo uniti zile zile 60 zinakula zaidi ya 21,000. Nyumba ya kaya sita kwenye mita moja haibaki D1 hata kila mmoja akijibana. Mtumiaji mdogo ndiye anayeumia hapo. Mwenye nyumba akipandisha kodi kwa elfu hamsini kisa "umeme umo", kwa matumizi yako hiyo ni hasara tupu.

Anayefaidika ni mwenye AC au hita ya kuogea, na wenye nyumba wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wanavikataza.

Mama_Simtanki:
Kwenye maji ndipo "imo ndani ya kodi" inapofaa zaidi, maana nyumba nyingi zina mita moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Lakini uliza mambo mawili. Maji yakikatika wiki nzima, tanki lina lita ngapi na linahudumia kaya ngapi? Tanki la lita 5,000 kwa kaya sita, kila moja ikitumia lita 200 kwa siku, linatosha kama siku nne tu. Pili, pampu ya kupandisha maji inatumia umeme wa nani? Kama imeungwa kwenye mita ya mpangaji wa chini, ugomvi hauishi. Fungua bomba uonje pia: maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa kufulia, ya kunywa utanunua.

Mpangaji_Mtarajiwa:
Asanteni sana. Na nikipata yenye LUKU yake, nitajuaje kwamba hakuna mwingine aliyeungwa kwenye mita hiyo?

Wati_Mia:
Zima swichi kubwa ya ndani kwako, kisha tazama taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya mwingine unavuta umeme kabla ya swichi yako. Mita ndogo za wapangaji nazo zinapimika. Soma usoni pameandikwa imp/kWh (mipepeso kwa uniti moja ya umeme) ngapi. Kama ni 1000, birika la wati 2,000 likiwaka peke yake dakika 3 lipepese kama mara 100. Ikifika 130, mita inakuibia.

Mkataba_Kwanza:
Kabla ya kulipa ile miezi mitatu au sita, nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo usome risiti: deni la nyuma litaonekana limekatwa hapo hapo. Utaona pia kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi yako ya pango, 18,000 kwa mwaka.

Na msiandike "maji na umeme vimo" mkaishia hapo. Andikeni uniti ngapi za umeme na ngapi za maji (uniti ya maji ni lita 1,000), zikizidi nani analipa na kwa bei gani, na taka na ulinzi ni za nani. Dalali naye mwambie mapema kwamba ada yake ya kodi ya mwezi mmoja utamlipa mkataba ukishasainiwa, si siku ya kuonyeshwa.