Mkaguzi wa ruzuku anakuja ofisini kwetu, naombeni ushauri wa haraka

Mama Subira: Wakuu, habari za majukumu. Nipo Marekani, naongoza shirika dogo la kusaidia waathirika wa uhalifu wa kikatili: waliopigwa, waliobakwa, familia za waliouawa. Wengi ni wakimbizi wanaozungumza Kiswahili. Tunapata ruzuku ya serikali kuu inayopitia jimboni, na sasa jimbo limeandika kwamba linakuja kukagua. Risiti zipo, fomu za saa za kazi zipo. Je, wanaweza kunidai majina ya akina mama tunaowahudumia? Wengine wanajificha. Usingizi sipati.

Jogoo la Mtaa: Risiti zipo halafu usingizi hakuna? Hapo pana jambo.

Shangazi Yenu: Pole sana mwanangu. Usitoe jina hata moja! Binamu yangu alipigwa risasi hukohuko Marekani, akaogopa hospitali itamfilisi. Shirika kama lako lilimjazia fomu za fidia bure, na hawakumlazimisha kwenda polisi. Leo anatembea kwa fimbo lakini anatembea. Mungu awabariki mnaofanya kazi hii.

Mhasibu Mstaafu: Dada, kanuni za 2016 za mfuko wa waathirika wa uhalifu, unakotoka ruzuku yako, zinakukataza kutoa taarifa za kumtambulisha mtu bila ridhaa yake ya maandishi yenye ukomo wa muda. Mpe mkaguzi takwimu za jumla na namba za majalada. Lakini hilo silo linalokukosesha usingizi. Fungu gani linakutisha?

Mama Subira: Kodi ya pango. Tunapanga nyumba ya kuwahifadhi wanaokimbia vipigo. Ni matumizi yanayoruhusiwa, nimesoma mwenyewe.

Jogoo la Mtaa: Nyumba ya nani?

Mama Subira: Mbona hilo linawahusu? Nimeuliza kuhusu majina.

Mhasibu Mstaafu: Litamhusu mkaguzi. Jibu.

Mama Subira: Ya mume wangu. Lakini nisikilizeni kwanza. Tulizunguka kote. Ukisema wapangaji ni mama na watoto wasio na historia ya mikopo, na huenda mtu mwenye hasira akaja kugonga usiku, simu inakatwa. Mume wangu alitoa nyumba kwa bei ya chini kuliko soko. Nani mwingine angetupa?

Jogoo la Mtaa: Kumbe mwenye nyumba na mpangaji wanalala kitanda kimoja 😂

Mzee wa Kanzu: Mnacheka nini? Fedha hii imetengwa kwa ajili ya watu walioumizwa. Usichanganye ya nyumbani kwako na ya mjane, hata kama nia ni njema.

Mhasibu Mstaafu: Bei ya chini haikuokoi. Mwenye nyumba akiwa mume wa mkurugenzi, ruzuku ya serikali kuu hulipa kiasi kile tu ambacho kingeruhusiwa kama nyumba ingekuwa mali ya shirika lenyewe: uchakavu, matengenezo, bima, kodi ya majengo. Faida ya mwenye nyumba haimo. Na mgongano wa maslahi ulitakiwa uandikwe kwa jimbo mapema.

Pilipili Mbuzi: Chai hii. Jimbo kwa kawaida hurudisha fedha baada ya kupitia mikataba na risiti, lisione jina la mume? Halafu ruzuku yenyewe imepungua. Mfuko ule ulioanzishwa kwa sheria ya 1984 hautegemei kodi za wananchi, unategemea faini za waliohukumiwa mahakama za serikali kuu. Mwaka wa fedha 2018 Bunge liliruhusu dola bilioni 4.4 zitumike, 2024 ikawa bilioni 1.35 hivi. Mashirika makubwa yanahangaika, wewe mdogo ulipwe pango bila maswali? Tupishe.

Mama Subira: Si chai. Mkataba waliuona. Jina lililomo ni la kampuni, na kampuni ni ya mume wangu.

Shangazi Yenu: Mwanangu, hilo ungelisema tangu mwanzo.

Mama Subira: Nilijua mtanihukumu. Hata hivyo tumeshalimaliza: kampuni sasa ni ya shemeji, na mkataba mpya upo. Ruzuku ikisitishwa wale watoto watalala wapi? Nawalinda wao.

Pilipili Mbuzi: Huo mkataba mpya una tarehe gani?

Mama Subira: Ya Januari.

Pilipili Mbuzi: Umesainiwa lini?

Mama Subira: Juzi.

Mhasibu Mstaafu: Usimpe mkaguzi karatasi hiyo. Mpaka sasa wanaweza kukataa gharama na kudai mrudishe tofauti. Ukiwapa tarehe ya uongo, unafungua kesi ya jinai. Usiuchane pia, mpelekee wakili asiye wa mume wako, yeye ndiye akuelekeze. Kisha, kabla ya ukaguzi, mwandikie afisa wa ruzuku: taja mwenye nyumba, ambatanisha mkataba wa zamani na hesabu halisi za bima na matengenezo. Barua hiyohiyo iombe waliomo wasihamishwe wakati mnatafuta nyumba nyingine. Na bodi yako inajua?

Mama Subira: Mwenyekiti anajua. Wengine hapana.

Mhasibu Mstaafu: Waite wote wiki hii. Wewe na mwenyekiti msipige kura kwenye suala la nyumba.

Mama Subira: Nitawaita. Wakili naanza kumtafuta kesho. Lakini bei ilikuwa ya haki, na hilo nitaliandika kwenye barua.