Paka mwenye mimba: chumba nikiandaeje?

Habari wadau. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nimepokea paka mwenye mimba nimlee hadi watoto waachishwe. Chumba kipo kitupu, nianzie wapi?

— Katoni kubwa, ajinyooshe kwa ubavu. Kata mlango, acha kizingiti cha sm 15 ili watoto wasitambae nje wakapigwa na baridi. Wiki ya kwanza hawawezi kujipasha joto. Tandika shuka kuukuu. Taulo hapana, nyuzi zake hunasa kucha.

— Mkuu, mbu wa ziwani wasikufanye upulize dawa humo! Permethrini, kiuawadudu kilichomo kwenye dawa nyingi za mbu, ni sumu kali kwa paka. Weka wavu dirishani.

— Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, mwite daktari wa mifugo papo hapo. Namba yake itafute leo.