Mrejesho: Hendibreki inapanda hadi juu lakini gari bado linateleza

Asanteni sana wakuu. Swali lilikuwa hendibreki ya gari lenye dramu nyuma (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, breki hushika kwa ndani yake): mkono unapanda mpaka mwisho, na kwenye mlima gari linarudi.

Aliyenijibu nisianze kwa kukaza waya unaotoka kwenye mkono hadi breki za nyuma alikuwa sahihi kabisa. Niliweka kabari magurudumu ya mbele, nikainua nyuma kwa jeki na kuweka stendi, nikashusha mkono na kulegeza nati ya waya. Kisha nikazungusha ajasta (kirekebisha nafasi) ya kila dramu hadi breki shuzi (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) ziguse, nikairudisha kidogo tairi lizunguke huru. Waya ulikazwa mwisho. Ukianza na waya, shuzi hazirudi mpaka mwisho na ajasta inayojirekebisha yenyewe inashindwa kufanya kazi.

Kushoto inashika vizuri. Kulia bado: waya umekwama kwa kutu ndani ya ganda lake, unavutika lakini haurudi, hivyo shuzi zinabaki zikisugua na dramu inapata moto. Mafuta ya kulegeza kutu mliyopendekeza yalisaidia kwa muda tu, ukakwama tena. Huo ni wa kubadilisha. Hadi ufungwe mpya, hendibreki haiguswi. Gari linaegeshwa penye tambarare, kwenye gia na kabari.